Wapigapicha wa kale wana la kunifunza?

SWALI: Mhariri, nimeanza kupiga picha kwa simu hapa Ujiji. Je, kazi za wapigapicha wa kale zitanisaidia? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Ndugu msomaji, anza na Seydou Keïta wa Mali, aliyefungua studio mjini Bamako mwaka 1948 na ambaye, kwa kutegemea mwanga wa jua na shuka la kitandani lililotundikwa nyuma ya mteja, alipiga picha zenye heshima kubwa, mara nyingi kwa kubonyeza mara moja tu. Shuka si muhimu. Iga subira yake ya kupanga mikono, vazi na mkao kabla ya kubonyeza, subira ambayo simu, kwa maoni yangu, imetupunguzia. Eugène Atget naye alipiga mitaa ya Paris kwa miaka mingi. Nawe, kwa uvumilivu kama huo, rudia jengo la stesheni ya reli asubuhi na jioni, ukilinganisha vivuli.