"Huu ndio usiku", saa tisa alasiri

Juma hili mmetuuliza: "Je, Mkesha wa Pasaka unaoadhimishwa mchana kwa sababu za usalama bado ni mkesha?" Nilijibu kabla sijamaliza kulisoma swali: hapana, si mkesha. Kanuni za Kanisa zinataka adhimisho hilo lianze baada ya usiku kuingia na limalizike kabla ya mapambazuko, na sisi wa Goma, ambao umeme wetu umetuzoeza giza, hatuhitaji kuelezwa mshumaa mmoja unafanya kazi gani ndani ya kanisa lisilo na taa.

Naomba nieleze Jumamosi Kuu ya mwaka 2024, kwa kuwa ndiyo iliyonichoma. Paroko alikuwa ametangaza saa tisa alasiri, ili kila mtu awe amefika kwake kabla ya saa kumi na mbili. Moto mpya uliwashwa uwanjani, juu ya mawe ya volkeno, katika jua kali kiasi kwamba tuliona moshi tu na hewa ikitetemeka. Mtoto aliyesimama mbele yangu alimwuliza mama yake moto wenyewe uko wapi. Padri alichora kwenye mshumaa msalaba, Alfa na Omega na tarakimu za mwaka, akachomeka chembe tano za ubani, akauwasha, na upepo wa ziwani ukauzima mara mbili. Ndani, akina mama wa mashirika walikuwa wamefunika madirisha kwa vitenge vyao, wakitafuta giza kidogo, lakini jua lilipenya vitenge hivyo na kumwaga rangi ya machungwa na kijani kwenye vazi jeupe la padri, huku matundu ya misumari katika mabati yakimeta kuliko mishumaa yetu, tuliyokuwa tumeikinga kwa vipande vya chupa za maji. Shemasi alipofika mahali pale katika Mbiu ya Pasaka, ule wimbo mrefu unaoimbwa mbele ya mshumaa, panaporudiwa maneno "huu ndio usiku", kijana mmoja wa kwaya alicheka. Nilikasirika, ingawa sikujua nimkasirikie nani. Kisha masomo saba ya Agano la Kale yakapunguzwa hadi matatu, nasi tukaanza kutazama saa.

Miongoni mwa waliobatizwa alikuwamo mama mmoja kutoka Bulengo, kambi ya wakimbizi wa ndani. Aliinama bila kumfungua mtoto aliyekuwa mgongoni, maji yakamfikia mtoto naye, akalia kwa nguvu hadi tukashindwa kumsikia padri. Baada ya Misa nilimwona akishika njia kwa haraka, mshumaa wa ubatizo mkononi ukiwa umezimwa na kuviringishwa ndani ya kipande cha gazeti, na mwanga wa jua bado ulikuwepo wa kumfikisha. Kama tungeanza saa mbili usiku, asingekuja. Siku ile sikulifikiria jambo hilo. Nalifikiria sasa ninapoandika.

Tena koko yangu, mzaa mama, aliposikia malalamiko yangu aliniuliza: "Kwani sisi tulibatizwa saa ngapi?" Yeye alibatizwa misioni akiwa msichana, Jumamosi asubuhi, kwa sababu zamani hizo Mkesha ulifanywa asubuhi. Papa Pio wa 12 aliruhusu usiku kwa majaribio mwaka 1951, na tangu 1956 ukawa sharti kwa wote. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu Wakristo waliimbiwa "huu ndio usiku" jua likiwaka, tena kwa Kilatini, na ubatizo wa koko haujawahi kutiliwa shaka na mtu.

Kwa hiyo nalazimika kulipunguza lile "hapana" langu. Mkesha uendelee mchana, almradi barabara zetu za usiku ziko jinsi zilivyo, na almradi jambo hilo litangazwe kila mwaka kuwa ni dharura, lisije likageuka mazoea ya kututoa kanisani mapema. Masomo, hata hivyo, yasiguswe. Kanuni inaruhusu kuyapunguza, nakubali, lakini anayeanza saa tisa anaweza kuanza saa nane, na yote saba yakasomwa kabla ya jioni. Mwaka ujao mimi nitaleta kitenge kizito kwa ajili ya dirisha la magharibi, maana ndilo lililotusumbua.