Mzee anaposahau, usimpe mtihani

Wageni wakija kwetu Ipagala kumjulia hali bibi, wengi huanza na swali lile lile: "Bibi, unanikumbuka mimi ni nani?" Kisha sebule nzima inanyamaza kumsubiri. Kama una mzee anayesahau, piga marufuku swali hilo nyumbani kwako. Mgeni ajitambulishe mwenyewe: "Shikamoo bibi, ni mimi, mtoto wa binti yako mkubwa, nimetoka Kongwa." Hapo bibi anaitikia marahaba kwa raha zake na maongezi yanaendelea.

Tukio jipya haliingii kwenye hifadhi ya kudumu moja kwa moja. Hupitia kwanza sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, usawa wa masikio, iitwayo hipokampasi, ambako sura, sauti na mahali huunganishwa. Polepole, hasa tukiwa usingizini, mambo hayo huimarishwa kwenye gamba la ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio unaosababisha sehemu kubwa ya usahaulifu mzito wa uzeeni, kwa kawaida huanza kuharibu hipokampasi na maeneo jirani. Ndiyo maana bibi anakusimulia harusi yake mpaka rangi ya kanga, lakini chai ya nusu saa iliyopita haijui. Chai hiyo haikuwahi kuhifadhiwa. Ukimwambia "si umekunywa sasa hivi!" unamgombeza bure. Sisi kikombe chake hatukiondoi mezani mapema. Akikiona kina majani chini, haulizi tena.

Kuna Mmarekani, Henry Molaison, aliyepasuliwa mwaka 1953 kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Mpaka anafariki mwaka 2008, karibu kila tukio jipya lilimponyoka. Lakini mtafiti Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, alizidi kuwa hodari siku hadi siku, na kila siku aliona ni mara yake ya kwanza. Ujuzi wa mikono una njia zake nyingine kichwani.

Kwa hiyo mpe mzee wako kazi ambayo mikono yake inaijua. Bibi yetu ukimpa ungo wa uwele, anageukia upepo bila kuambiwa (na upepo Dodoma haukosekani), anarusha, anadaka, pumba zinaruka, kisha anachomoa vijiwe kwa kidole gumba, hata kimoja hakimpiti. Wakati mwingine tunamrudishia uwele ule ule alioupepeta jana. Shangazi anasema tunamdanganya. Acha aseme.

Akimuulizia babu ambaye alishafariki, usimpe habari za msiba upya. Kwake ni msiba wa leo. Muulize babu alipenda chakula gani. Na usimfokee ukidhani atasahau. Maneno atayasahau kweli, lakini uchungu hubaki hata sababu yake ikishapotea.

Ila haya yote yaje baada ya hospitali. Usikubali jibu la "ni uzee tu". Tezi ya shingo kuzembea, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata baadhi ya dawa, vyote huweza kuleta usahaulifu, na vina tiba. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usisubiri Jumatatu: yaweza kuwa kiharusi, au maambukizi, mfano ya njia ya mkojo. Na yeyote atakayeanza kunong'ona habari za uchawi, mkatishe pale pale. Nchi hii imeshaumiza vikongwe wengi kwa tuhuma hizo.

Jioni ndiyo saa ngumu. Bibi hufunga kifurushi chake arudi Kongwa, na kubishana naye ni kuwasha moto. Tunamwambia magari ya leo yameisha, tutaenda asubuhi, tunampokea mzigo, tunampa uji. Namba yangu ya simu nimeishonea kwenye pindo la kanga yake, na vijana wa bodaboda wa kijiweni wanamfahamu kwa sura: akifika kuomba usafiri wa Kongwa, wamkalishe kwenye benchi, wampigishe stori, wanipigie.