Uliolewa na Nani, Binti Yangu?

Shangazi, mimi ni binti wa Mombasa, nina miaka 34, nimeolewa London mwaka wa nne huu. Mume wangu ni mtoto wa kwanza wa Lord, mtu wa cheo cha kurithi, mrithi wa nyumba ya vyumba 41 huko Norfolk. Anafanya kazi benki ya uwekezaji, Canary Wharf. Hutoka saa kumi na mbili asubuhi, hurudi saa nne usiku. Bonasi yake yote ya mwaka huu imeishia kwenye paa la babake. Nikimwambia wauze tununue nyumba Nyali, kwetu Mombasa, anasema mali iko kwenye amana ya ukoo, si yake kuuza. Mamake naye hanipendi. Vyumba 41, lakini hawashi hita mpaka Novemba. Usiku ananiletea tu mfuko wa mpira wa maji moto. Nifanyeje?
Mke wa Mrithi

Pole kwa baridi, binti yangu. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Vyumba 41 mtu havijui kwa kukaribishwa sebuleni, ulizunguka ukahesabu. Mumeo je? Hukuniambia anapenda nini, wala anakula nini akirudi saa nne usiku.

Na wewe mtu wa Mombasa usinifanye mtoto, wakfu unaujua. Nyumba ya wakfu hukaliwa, hukarabatiwa, haiuzwi, na anayejaribu kuiuza wazee humkalia kikao. Amana ya ukoo ya Waingereza haiko mbali na hapo. Ila kwetu mirathi hugawanywa, hata binti ana fungu lake. Kule cheo na nyumba kwa desturi huenda kwa kifungua mimba wa kiume, ndugu zake wakajitafutie. Anayebaki na nyumba hubaki na paa lake pia. Serikali nayo haiko mbali: mali nyingi za amana hutozwa kodi kila miaka 10, hadi asilimia 6 ya thamani, na kilicho nje ya amana baba akifa hukatwa asilimia 40 ya kinachozidi paundi 325,000. Wenye mashamba walikuwa na nafuu yao ya kodi hiyo. Mwaka 2024 ikatangazwa kupunguzwa. Karne iliyopita nyumba kama hizo zilibomolewa kwa mamia, wenyewe wameshindwa na kodi na matengenezo. Unadhani mumeo anaamka alfajiri kwa mapenzi ya kompyuta? Mshahara wa mjini ndio unaolisha shamba.

Sasa mama mkwe. Mama mtu mzima anapanda ngazi usiku akutilie joto kitandani, nawe unaandika "tu". Neno hilo limenikera kuliko barua nzima. Kuwasha hita vyumba vyote hivyo ni pesa, na hiyo baridi unayoilalia wewe ndiyo anayoilalia yeye. Kama hakupendi, anakuchukia kwa adabu sana.

Ndoa za siku hizi zina mambo. Binti akiona gari haoni mkopo wa gari. Bibi zetu kabla ya posa kupokewa walitumana mtaa wa pili kuuliza: ukoo huu unadaiwa na nani, nani mgonjwa ndani, nani anategemewa? Nyinyi mnachunguza picha kwenye simu, kisha mnatuandikia sisi.

Moja nakupa haki: kurudi saa nne usiku kila siku si maisha, na mwanamume anayejiua kwa ajili ya paa atamwacha mjane chini yake. Mwambie hivyo. Lakini liseme peke yake, usilifunge fungu moja na nyumba ya Nyali, maana atasikia Nyali tu.

Jumamosi nendeni Norfolk. Chukua sweta mbili. Usimngoje mama mkwe apande ngazi. Shuka wewe jikoni, uchemshe maji ya mifuko yote, umuulize mvua ikinyesha ndoo hutegwa vyumba gani.