Mazoezini simba, ulingoni mikono inakufa: ushauri kwa bondia mwenzangu

Mkuu, umesema kwenye sparingi (mapambano ya mazoezi) hakuna anayekusumbua, ila siku ya pambano miguu inakuwa mizito na mikono inakufa kabla raundi ya kwanza haijaisha. Kocha naye amekwambia una woga, ngumi hazikufai. Nimecheza ngumi za ridhaa, na sasa nasimama kona kuwasaidia vijana. Nakuomba usiache.

Huo mchecheto ni mwili kujiandaa. Homoni ya adrenalini ikimwagika, moyo unakwenda mbio, kinywa kinakauka, tumbo linavurugika na chooni huishi kwenda. Kinachokumaliza ni muda. Umepima uzito asubuhi, pambano ni jioni, na mchana kutwa unapigana kichwani. Kengele ikilia unarusha kila konde kwa nguvu zote, mabega yamekakamaa, pumzi umeibana. Hapo hata mwenye stamina ya farasi atachoka.

Kutetemeka kwenyewe kusikutishe. Wasiwasi wa mwili mara nyingi hushuka pambano likishaanza. Wa mawazo ndio unaopanda na mtu ulingoni: nikiangushwa mbele ya watu wa mtaani itakuwaje? Bondia Mmarekani Floyd Patterson alichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1952, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, na bado mwaka 1962 alikwenda Chicago kupigana na Sonny Liston akiwa amebeba ndevu za bandia, ili akishindwa aondoke bila kutambuliwa. Liston alimmaliza raundi ya kwanza. Sisemi aibu ndiyo iliyomwangusha, maana Liston alikuwa mkubwa na mwenye nguvu kuliko yeye. Nasema mtu wa kiwango kile naye alibeba mzigo huo huo unaoubeba wewe.

Mike Tyson, aliyelelewa kingumi na Cus D'Amato, kocha yule yule wa Patterson, alilia kabla ya fainali ya mashindano ya vijana mwaka 1982. Teddy Atlas, kocha wake mwingine, akasimama naye nje, akamtuliza kwa maneno. Tyson akaingia, akashinda.

Atlas hakumpiga kofi. Hili linaniuma sana nikiingia vyumba vya kubadilishia nguo na kukuta kocha anawazaba vijana wote makofi na kuwapigia kelele ati awape moto. Mwanasaikolojia Yuri Hanin alionyesha kwamba kila mwanamichezo ana kiwango chake: kuna anayefanya vizuri akiwa na wasiwasi mkubwa, na kuna anayehitaji utulivu. Nimewahi kumhudumia bondia aliyekuwa akisinzia benchi hadi zamu yake, huyo ndiye wa kuamshwa kwa kelele. Mwingine ukimpigia kelele umeshampiga kabla ya mpinzani. Wewe ni yupi? Nunua daftari. Baada ya kila pambano na kila sparingi ngumu, andika saa moja kabla ulikuwa na wasiwasi kiasi gani, kati ya 0 na 10, na ulipiganaje. Baada ya muda utaona kiwango chako, kisha mwonyeshe kocha.

Siku yenyewe, usikae ukumbini kutwa ukitazama wengine wakianguka. Tafuta mahali pa kulala au kupiga soga isiyohusu ngumi. Ikikaribia zamu yako, pasha mwili mpaka jasho litoke, piga pedi kidogo. Ukisubiri kuitwa, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe taratibu kwa 6 au 8, maana kutoa pumzi polepole ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo. Kichwani beba kazi moja tu: mkono wa mbele mara mbili, toka upande. Vinywaji vya kuongeza nguvu achana navyo, vinakimbiza moyo ambao tayari unakimbia. Kujikausha maji ili ufikie uzito nako kunakimbiza moyo, nawe utadhani ni hofu. Kama kila mara unateseka hivyo, panda daraja la uzito.

Kitu kimoja hukukitaja. Kama mikono ilianza kufa baada ya kupigwa vibaya, na kichwa kinauma au unasahausahau, hayo usiyaweke kwenye fungu la mchecheto. Simamisha sparingi kabisa, nenda hospitali, na usirudi ulingoni mpaka daktari aruhusu, hata kama pambano limeshatangazwa.