Siku 12 kabla ya harusi: kipi ukishone leo, kipi ukingojee siku yenyewe

Mdogo wangu, hongera sana, Mwenyezi Mungu aijaalie iwe ndoa ya kheri. Orodha yako nimeisoma mara mbili. Harusi Tanga, Jumamosi ya wiki ijayo, leo Jumatatu, wageni wa kike 120. Mnataka mfanye wenyewe nyumbani vifuko vya visheti, kofia ya bwana harusi, udi, hina, mapambo ya makuti, na vikuba 60, vile vishada vya asumini na rihani vya kubandika kifuani. Unauliza uanze na kipi, na kama kuna cha kuacha.

Mimi niko Unguja. Mwaka 2017 tulimwoza mdogo wetu wa mwisho, na karibu kila kitu tulikifanya kwa mikono yetu pale nyumbani. Kutunga vikuba nimefundishwa na bibi yangu tangu mtoto. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, nivumilie.

Watu wengi wanaanza na kazi iliyo kubwa, au ile inayowapendeza. Kwa harusi usifanye hivyo. Jiulize kila kitu kinaharibika baada ya muda gani. Nguo haiozi, ishonwe leo. Udi haukauki, upikwe mapema. Ua la asumini linaishi usiku mmoja tu, basi siku ya harusi mikono ya watu wote iwe mitupu kwa ajili yake. Tulipokosea sisi ni hapo. Ijumaa usiku tulikuwa bado tunakunja pindo za vifuko, tumekesha mpaka alfajiri, halafu Jumamosi alasiri sindano zikawa zinatuanguka mikononi.

Kofia iache. Najua unatamani avae ya mkono wako, na ni tamaa nzuri, lakini kofia ya vitobo kila kitobo kinazungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, vitobo mamia. Mshonaji aliyezoea inamchukua wiki nyingi, akiwa hana kazi nyingine. Nunua iliyokwisha shonwa kwa mkono, na umpe mshonaji bei anayostahili. Ukitaka mkono wako uwemo, anza kumshonea nyingine taratibu baada ya harusi, ataivaa Idi.

Vifuko anza leo. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Kifuko cha kutosha kiganja cha visheti kinataka kipande cha sentimita 17 kwa 42, unakikunja katikati na kushona pembeni. Kanga moja inakupa vipande 16, doti moja 32, kwa hiyo doti 4 zinakufikisha 128, ziada ya wageni waliokuja bila kualikwa. Kabla ya kutia mkasi, itandaze kanga chini uangalie jina lake limekaa wapi. Sisi tulikata bila kuangalia, maneno yakakatika, vifuko vingine vikabaki na neno moja lisilofaa kumpa mgeni mkononi. Ule utepe wenye jina utoe kwanza, uuweke kando. Unafaa kufungia mdomo wa vifuko vya wazee. Kwa cherehani moja na mtu mmoja wa kukata, ni kazi ya jioni tatu.

Visheti vikaange Jumatano ya wiki ya harusi, uvitie shira, vikauke kabisa kwenye sinia usiku kucha ndipo uvitie kwenye vifuko. Vikiingia na unyevu vinagandana na kitambaa kinaloa.

Udi upikeni mwisho wa wiki hii. Sukari na marashi ya waridi motoni mpaka shira ivute uzi kwenye vidole, kisha vipande vya udi na sandali, na miski mwisho kabisa ukishaepua, maana ukiitia kwenye moto harufu yote inapotea jikoni. Ukifungwa ndani ya chupa, siku saba zile ndizo zinazouivisha. Udi uliopikwa jana unanuka sukari.

Sasa hina, na hapa naomba unisikilize. Rangi ya hina haitoki siku ile ile. Ukiibandua ni ya chungwa, inakoza yenyewe ndani ya siku mbili. Basi kwa harusi ya Jumamosi, paka Alhamisi, jioni, baada ya kumaliza kila kazi inayotaka maji. Unga uchekeche kwa kitambaa chepesi cha nailoni, mara mbili, kwa sababu punje moja tu inaziba ncha ya koni na mstari unakatika katikati ya ua. Uvuruge kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, uufunike tangu asubuhi. Ikikaa mkononi saa sita au zaidi, ndiyo nzuri. Ukiitoa, ikwangue ikiwa kavu, usiioshe, na maji yasiguse mikono mpaka kesho yake. Watu wakupe chai mdomoni, siku hiyo ni haki yako.

Piko usipake. Dada yangu alipakwa na mpambaji aliyekuja na mchanganyiko wake, mistari myeusi mizuri kweli, na usiku wa pili mkono ukaanza kuwasha, ukavimba, malengelenge yakafuata ua lile lile lililochorwa. Aliingia ukumbini na mikono mirefu ya gauni imeshonwa haraka kuficha. Piko ni dawa ya kutia nywele weusi, ndani yake mna kemikali ambayo ngozi za watu wengine zinaikataa, na mtu hawezi kujua yake ni ya aina gani mpaka imekwisha kumpata. Wengine hupaka miaka mingi bila neno, kisha siku moja inawapata. Anayekuambia hina yake ni nyeusi ya asili, muulize ameichanganya na nini. Hina ya asili inakuwa nyekundu, kahawia, ikikoza sana inaelekea rangi ya kahawa. Nyeusi tititi haiwi.

Makuti yakatwe Ijumaa asubuhi na kusukwa Ijumaa hiyo hiyo. Waachie vijana wa kiume, na waonyeshwe mlango mmoja tu wa kupamba, wasianze ukuta mzima.

Haya, vikuba.

Kwanza hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoaibika. Mimi natia asumini 20 kwenye kikuba kimoja. Vikuba 60 ni asumini 1,200, na koja la bibi harusi, yale maua ya kuvaa shingoni, peke yake linakula 200 nyingine. Mtu aliyezoea anatunga kikuba kwa dakika 6. Peke yako ni saa sita. Wanawake sita waliokaa mkekani ni saa moja, pamoja na maneno. Basi watafute hao sita tangu sasa, na uwataje kwa majina, usiseme "watakuja tu".

Asumini inachumwa ingali tumba. Ukiiona imechanua mtini, hiyo imeshakwenda. Unataka tumba lililonona, jeupe, limefumba, na unalichuma baada ya adhuhuri kuelekea alasiri, siku ile ile. Sisi mwaka ule tuliogopa kuchelewa, tukachuma asubuhi na kuyatia matumba yote kwenye ndoo, tukafunika. Alasiri tulipofunua yalikuwa yametoka jasho, ya chini yamekuwa kahawia na yananuka kama majani yaliyooza. Zaidi ya nusu tulimwaga. Mama alitoka mwenyewe kwenda kwa majirani, mlango kwa mlango, na ungo mkononi, na kila aliyekuwa na mti alimchumia.

Kwa hiyo chombo chako kiwe ungo. Tandika kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, mwaga matumba yasilaliane, weka kivulini penye upepo. Uzi uwe mwembamba, wa pamba, na kata vipande vyote 60 tangu Jumatano uvifunge kwenye kibunda. Sindano ipite kwenye kile kishingo cha kijani chini ya tumba. Ukichoma sehemu nyeupe, pale pale panaingia weusi. Rihani isimame kwenye maji mpaka dakika ya mwisho, unakata vitawi viwili vya kila kikuba, vinakaa nyuma ya asumini kama mto. Ukipata ua la mkadi, kichane chembamba kimoja kinatosha, harufu yake ina nguvu. Waridi moja mbele. Mlangilangi mimi naupenda, ila usizidi ua moja, unaweza kumpa mtu kichwa. Halafu uzi uzungushe mara tatu na pini ya kubandikia ipite hapo hapo kwenye fundo.

Koja la bibi harusi atunge mtu mmoja, asiwe na kazi nyingine, akae mbali na watoto.

Utashangaa kwa nini nakazania matumba. Usiku ule, vikuba vilipobandikwa, asumini zote zilikuwa bado zimefumba, na wageni wengine walidhani tumewapa maua mabichi. Magharibi ikapita. Mnamo saa mbili, wanawake wamekaa wamejaa ukumbi, bibi harusi bado hajatolewa, zikaanza kuchanua vifuani mwa watu, zote pamoja, na harufu ikapanda ikatufunika. Bibi yangu alikuwa kwenye kiti cha mbele. Alishika kikuba chake, akakiinamia, akafumba macho, na hakusema neno mpaka mdogo wetu alipoingia.

Basi kesho, kabla hujanunua hata uzi wa vikuba, zunguka mtaani uulize nani ana mwasumini. Mti mmoja mkubwa hauwezi kukupa 1,400 kwa alasiri moja. Tafuta mitano au sita, omba ruhusa kwa adabu, na waambie wenyewe wasichume chochote kuanzia Ijumaa jioni.