Miaka saba si tarehe ya kumchukua mtoto

Mwanangu,

Huku Tukuyu hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Jumapili uliponipigia uliniuliza, "Baba, Agosti mtoto anatimiza miaka saba. Niende Makambako kwa mama yake nikamchukue?" Nilikwambia nitakujibu kwa maandishi kwa sababu sikutaka kulijibu swali hilo juu juu.

Usiende kumchukua.

Najua hilo neno la miaka saba limetoka wapi. Baba zako wadogo walilisema pale kikaoni, nami nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza. Wengi huku kwetu wanaamini kwamba mtoto akifikisha saba anarudi kwa baba, kama ng'ombe aliyeazimwa ambaye muda wake umefika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Kifungu cha 125 kinasema mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kwamba ni heri akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Akishavuka saba, mama anapoteza ile nafasi ya mbele, lakini baba hapewi. Mnasimama sawa mbele ya hakimu, na hakimu anamtazama mtoto. Kifungu hichohicho kinamkumbusha ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mikono hii kwenda ile.

Ng'ombe tulitoa, ni kweli, na niliwaswaga mimi mwenyewe hadi kwa wakwe zako. Mila nayo imetajwa katika sheria: mahakama huitazama pamoja na matakwa ya wazazi, na ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kusema analolitaka. Lakini ustawi wa mtoto ndio unaotangulia. Wale ng'ombe tuliwatoa kwa ajili ya ndoa yenu. Sitaki kusikia tena kwamba tulimnunua mjukuu wangu.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia sawasawa. Mimi nilichukuliwa kutoka kwa bibi yako, mama yangu, nikiwa na miaka minane. Baba zangu wakubwa walinikuta asubuhi njiani kwenda shule, nina jembe begani kwa sababu ilikuwa siku ya shamba la shule. Hawakunipiga, hawakunitukana, walisema tu twende kwenu. Kule nilikopelekwa mwalimu aliuliza karatasi za shule ya kwanza, hakukuwa na mtu aliyezibeba, nikaanzishwa upya darasa la kwanza. Mwaka mzima nilikaa na watoto wadogo, nikisoma herufi nilizokwisha kuzijua. Bibi yako alikuja mara moja, amebeba mkungu wa ndizi. Aliambiwa auache mlangoni. Ndizi zile nilizila, mwanangu, na yeye sikumwona mpaka nilipokuwa kijana wa kunyoa ndevu.

Ndiyo maana nilinyamaza kikaoni: wale waliokuwa wanasema walinirudisha kwenye ile njia na lile jembe.

Sasa tuje kwenye amri uliyonayo. Mahakama ya mwanzo ilisema mtoto akae na mama yake, wewe utoe matunzo kila mwezi, na likizo za Juni na Desemba aje kwako. Amri hiyo inasimama mpaka mahakama yenyewe iibadilishe. Kama kuna jambo kubwa limebadilika tangu siku ile, au hakimu alielezwa yasiyo ya kweli, sheria inakuruhusu kurudi kuomba ibadilishwe. Birthdei ya mtoto haitoshi. Jiandae pia kwamba hakimu anaweza kutaka ushauri wa afisa ustawi wa jamii. Ushauri huo haumfungi, ila huwa na uzito, na afisa atataka kujua ukiwa kazini Uyole mpaka usiku mtoto atakuwa na nani.

Kuhusu shule, hapo una hoja, na ninakuunga mkono. Mlipokuwa pamoja alikuwa kwenye shule ya kulipia, sasa yuko darasa moja lililojaa mpaka wengine wanakaa chini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 26, inampa mtoto haki ya matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla wazazi hawajatengana. Isome vizuri hiyo: haki ni ya mtoto. Anaweza kuipata akiwa hukohuko Makambako, kwa ada utakayolipa wewe. Mahakama inaweza hata kuweka sharti kuhusu elimu yake bila kugusa anakaa kwa nani. Ningekuwa wewe ningeomba hilo, na ningeenda na barua ya shule ninayoipendekeza na kiasi cha ada, siyo na malalamiko juu ya mama yake.

Kifungu hichohicho cha 26 kinampa mtoto haki ya kukutembelea na kukaa nawe, ilimradi kusivuruge masomo yake. Kwa hiyo mambo ya kumfuata Jumatano getini kwa shule yaishe.

Umeniambia hujatuma matunzo tangu Februari kwa sababu simu zako hazipokelewi. Hilo limeniuma kuliko yote. Sheria inambebesha baba matunzo hata mtoto akiwa kwa mtu mwingine. Simu isiyopokelewa ipeleke mahakamani, ukaeleze kwamba unanyimwa mtoto ambaye amri inasema umwone. Ukienda na deni la miezi minne, hakimu ataanza na deni lako. Tuma kwanza, utunze meseji za miamala. Ukipungukiwa niambie, nitauza viazi.

Kisha mpigie mwalimu wake wa darasa. Usiulize habari za mama yake. Uliza anasoma sentensi au bado anaunganisha silabi, na anakaa dawati na nani. Ukishajua, nipigie na mimi unieleze.

Baba yako