Barua kwa mwanangu: Panya nimemwacha

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Sisi hapa Lushoto hatujambo, ila baridi ya mwaka huu ina hasira. Naona mdogo wako kesha nichongea kwako, hata unauliza kama ni kweli mama yako anafuga panya, na kwa nini asinunue sumu ya mia tano sokoni yakaisha.

Simfugi. Tunakaa naye tu.

Nilimgundua kwenye sabuni. Mche niliouacha karoni niliukuta asubuhi umechimbwa pembeni, mifereji miwili miwili myembamba, kama umekwanguliwa kwa uma. Kesho yake usiku, wakati wa taarifa ya habari, akapita mwenyewe: kadogo, ubavu haubanduki ukutani. Kwenye mguu wa kabati akasimama, akanawa uso kwa mikono miwili. Nikajikuta nimepunguza sauti ya redio.

Sasa hiyo sumu. Wewe hukuwa umezaliwa tauni ilipoingia wilaya hii mwaka 1980. Mimi nilikuwa binti mdogo, na wakubwa hawakutuonya sana juu ya panya anayekimbia. Wa kuogopwa alikuwa yule mnayemkuta sakafuni amekufa. Akishapoa, viroboto wake wanamhama kutafuta damu ya moto, na ya karibu ni ya aliyelala mkekani. Siku hizi hatuisikii tena, najua. Lakini kumpa sumu akafie darini nisikokuona? Mkono unakataa.

Usidhani nimelegea. Unga uko kwenye ndoo ya mfuniko, maharage kwenye debe, na cheti chako cha kidato cha nne nimekihamishia kwenye sanduku la bati (ungekichukua lini, kwani?). Mavi yake sifagii makavu. Nayalowesha kwa maji ya sabuni, ndipo nafuta. Matundu nimeziba kwa waya wa kusugulia masufuria, nikamwachia moja nyuma ya jiko. Mimba ya panya ni wiki tatu tu, kwa hiyo nategea sikio. Nikisikia vilio vyembamba huko nyuma, paka wa jirani nitamwazima siku hiyo hiyo.

Ukija sikukuu utalala chumba cha mbele. Kile cha nyuma ndiyo njia yake.

Mama yako